Kundi letu la diskasheni limekwama: 8x³ − 6x − 1 = 0, napata jibu moja tu

binti_kahama

Wakuu, habari za likizo. Walimu mliomo humu, shikamooni.

Nipo kidato cha tano, PCM (fizikia, kemia na hesabu), shule ya bweni ya wasichana. Sasa hivi niko nyumbani Kahama ndiyo maana nimeshika simu, shuleni haturuhusiwi. Nina maswali mawili, moja la hesabu na moja la kundi letu. Naomba mnivumilie, ni marefu kidogo.

La hesabu linatoka kwenye namba changamano, ile mada ya kompleksi yenye i, yaani kipeuo cha pili cha −1. Linasema: tumia kanuni ya De Moivre kuthibitisha kwamba cos 3θ = 4cos³θ − 3cos θ. Kisha tumia matokeo hayo kutatua 8x³ − 6x − 1 = 0.

Sehemu ya kwanza nimeiweza. Nilifungua (cos θ + i sin θ)³, ambayo kwa De Moivre ni cos 3θ + i sin 3θ, nikachukua sehemu halisi (isiyo na i), nikapata cos³θ − 3cos θ sin²θ, nikabadilisha sin²θ kuwa 1 − cos²θ, ikatoka.

Sehemu ya pili nikaweka x = cos θ. Ikawa 2(4cos³θ − 3cos θ) = 1, yaani cos 3θ = 1/2. Kalkuleta inanipa 3θ = 60°, kwa hiyo θ = 20° na x = 0.9397. Nikirudisha kwenye mlinganyo inakubali kabisa. Lakini desa letu (kijitabu cha notsi na maswali) nyuma lina majibu matatu: 0.940, −0.174 na −0.766. Hayo mawili yametokea wapi? Nilijaribu kugawanya mlinganyo kwa (x − 0.9397), nikabaki na mlinganyo wa kipeo cha pili wenye desimali za kutisha. Majibu yanakaribia ya kwenye desa, ila swali limesema "tumia matokeo hayo", kwa hiyo najua siyo njia waliyoitaka.

Sasa la kundi. Tuko sita. Tunakutana baada ya prepu ya usiku, darasa la mwisho kule ambako taa inawaka vizuri. Mwalimu wa Advansi (hesabu za juu) tulikuwa naye mwanzoni akahamishwa, na tangu hapo tunajisomea wenyewe kwa pasti pepa na madesa ya dada zetu waliotutangulia. Mmoja wetu yuko vizuri sana. Yeye anasimama ubaoni anasolvu, sisi tunaandika. Usiku ule kila mtu anaona ameelewa, mpaka tunachekeana. Asubuhi ukibadilisha namba tu kwenye swali lile lile, anayeliweza ni yeye peke yake.

Na yeye amechoka. Kabla hatujafunga shule alituambia anafikiria kujisomea mwenyewe kwa sababu tunamchelewesha. Simlaumu hata kidogo, kasema kwa upole na ana haki. Ila akiondoka, sisi watano hatuna pa kushika. Januari tukirudi tufanyeje?

jamaa_wa_EGM

Mdogo wangu, hilo ni jepesi. Kalkuleta inakupa pembe ya kwanza tu. Andika 3θ = 60°, 300°, 420°. Gawanya kwa 3: θ = 20°, 100°, 140°. Basi x = cos 20°, cos 100°, cos 140°, ambazo ni 0.9397, −0.1736 na −0.7660. Umemaliza, chukua alama zako.

Kuhusu rafiki yenu, mwacheni aende. Nimepita huko. Advansi mwisho wa siku kila mtu anaingia chumba cha mtihani na kichwa chake. Komaeni na pasti pepa, mtazoea.

Mwalimu_Makambako

Marahaba, binti. Pole na hongera, kwa sababu kazi uliyoifanya kabla ya kuuliza inaonekana.

Ndugu yangu wa EGM amejibu sawasawa, kwenye hesabu simpingi. Lakini tazama jibu lake vizuri, kwa sababu ni la aina ile ile anayoitoa rafiki yenu ubaoni kila usiku. Ni sahihi, ni fupi, na linakuacha pale pale ulipokuwa. Umeuliza majibu mawili yametokea wapi, umeambiwa "andika 60°, 300°, 420°". Kwa nini 300°? Kwa nini aliishia 420° na hakuendelea? Nikikuletea kesho cos 4θ = 1/2 utaandika pembe ngapi? Maswali yako mawili kwangu mimi ni swali moja, na nitayajibu pamoja.

Chukua karatasi, chora duara la nusu kipenyo 1, kitovu chake pale mihimili inapokutana. Cos ya pembe yoyote ni umbali wa kwenda kulia au kushoto tu. Kwa hiyo unaposema cos ya kitu ni 1/2, chora mstari wa wima unaopita x = 1/2, uone unalikata duara wapi. Unalikata sehemu mbili: juu, kwenye 60°, na chini, kwenye 300°. Kalkuleta imekuambia ya juu ikanyamaza. Siyo kosa lake, imetengenezwa itoe pembe moja kati ya 0° na 180°. Ya chini ni kazi yako.

Sasa njoo kwenye 3θ, na hapa ndipo darasa zima huwa linaanguka. Kinachotembea kwenye duara lile ni 3θ, lakini unachokitafuta ni θ. θ ikizunguka mara moja, 3θ imezunguka mara tatu. Kila mzunguko unaupita ule mstari mara mbili. Basi mstari utapitwa mara sita: 60°, 300°, 420°, 660°, 780°, 1020°. Gawanya zote kwa 3 upate 20°, 100°, 140°, 220°, 260°, 340°.

Pembe sita, na mlinganyo wako ni wa kipeo cha tatu. Zimezidi? Hapana. Swali halikuomba θ, liliomba x, na x ni cos θ. Angalia tena duara lako: 340° iko chini ya 20°, wima kabisa, kwa hiyo cos zao ni moja. 260° iko chini ya 100°. 220° iko chini ya 140°. Pembe sita, thamani tatu. Ndiyo maana mwenzetu aliishia 420°, na ndiyo maana alikuwa sahihi kuishia hapo, ila hakukuambia.

Kwa hiyo ulichokifanya wewe ni kugawanya kwa 3 ukiwa bado kwenye mzunguko wa kwanza. Zungusha kwanza, gawanya baadaye. Hilo litakusaidia kwenye trigonometria yote, na pia ukifika kwenye kutafuta vipeuo vya n vya namba changamano, kwa sababu mchezo ni huo huo.

Na usikubali jibu bila kulikagua, hata liwe la mwalimu. Mlinganyo wako hauna x², basi jumla ya majibu lazima iwe 0: 0.9397 − 0.1736 − 0.7660 inatoa 0.0001, na hiyo ni desimali tulizokata. Zidisha yote matatu, lazima upate 1/8. Ukaguzi huu haumalizi dakika.

Ngoja nikuonyeshe kitu ambacho mtihani hautakuuliza, lakini kitakufanya ulipende swali lako. Mwaka 1545 Mtaliano Girolamo Cardano alichapisha kanuni ya kutatua milinganyo ya kipeo cha tatu. Chukua mlinganyo wako, ugawanye kwa 8, uutie kwenye kanuni ile. Njiani unakutana na kipeuo cha pili cha −3/256. Namba hasi! Na sisi tunajua majibu yote matatu ni namba za kawaida kabisa, unaweza kuzipanga kwenye mstari. Watu wa wakati ule jambo hilo liliwasumbua sana. Mwaka 1572 Rafael Bombelli akaonyesha kwamba ukikubali kuzihesabu namba hizo zisizoonekana kwa kanuni zake, unatokea upande wa pili salama. Fanya mwenyewe: kanuni inakupeleka kwenye (1 + i√3)/16. Iandike kwa urefu na pembe, ni 1/8 kwenye pembe ya 60°. Kipeuo chake cha tatu kimoja ni 1/2 kwenye pembe ya 20°. Jumlisha na mwenzake wa −20°, zile i zinafutana, unabaki na cos 20°. Jibu lako la kwanza! Sasa unaelewa kwa nini swali la cos limewekwa kwenye mada ya namba changamano na siyo kwenye trigonometria peke yake.

Na mlinganyo huo huo wa cos 20° ndio ulio nyuma ya jambo ambalo Mfaransa Pierre Wantzel alilithibitisha mwaka 1837: pembe ya 60° haigawanyiki sehemu tatu sawa kwa rula isiyo na vipimo na bikari, hata ukae nayo mwaka mzima. Ulikuwa umeshika swali kubwa bila kujua.

Haya, kundi.

Ninafundisha Advansi, na shuleni kwetu makundi ya usiku nimeyaona yanazaliwa na kufa. Yanayokufa nayajua mapema kwa kuangalia kitu kimoja tu: nani ameshika chaki. Akiwa ni yule anayejua, kundi halifiki mitihani ya nusu muhula. Anayejua akisimama ubaoni, mkono wake unaruka hatua ambazo kwake hazina uzito tena, na ninyi mnaandika haraka msiachwe. Kilichobaki kwenye daftari ni mwandiko wake, na fikra zake ameondoka nazo.

Chaki ashike aliyekwama. Anakwenda ubaoni, anaandika swali, anaandika yote anayoyajua mpaka pale alipogota, na pale anasema kwa sauti: naona mpaka hapa, kuanzia hapa sioni. Wewe kwa mfano ungefika cos 3θ = 1/2, θ = 20°, ukasimama. Anayejua akae nyuma kabisa. Haruhusiwi kutaja jibu wala hatua. Anaruhusiwa kuuliza, na swali lake lisiwe na jibu ndani yake. "Kwani 300° je?" siyo swali, ni jibu lililovaa nguo. "Kuna mahali pengine kwenye duara ambapo cos ni nusu?" hilo ni swali.

Nina kundi moja la wavulana, darasa lao lina kipande cha plaiwudi walichokipaka weusi wa makaa ya betri za redio, kwa sababu ubao mkubwa unatumika na wa sayansi wengine. Usiku mmoja nikiwa zamu nilipita dirishani. Mmoja, ambaye darasani kwangu huwa hanyooshi mkono, amesimama mbele ya kile kiplaiwudi ameandika 3θ = 60° na ameganda. Chumba kimya. Yule mkali wao amekaa nyuma, amefunga mdomo kwa kiganja ili asiropoke. Halafu mwingine kabisa, ambaye naye haelewi vizuri, akauliza: "Hivi 60° ndiyo peke yake?" Yule wa ubaoni hakujibu. Akatoa uzi wa katani uliokuwa umefungia madaftari, akafunga chaki, akashikilia ncha kwa kidole gumba, akachora duara. Akakata mstari. Akaona sehemu mbili. Akaandika 300°. Akasimama tena, akaanza kuhesabu mizunguko kwa kidole hewani, moja, mbili, tatu. Prepu yote iliisha kwa swali lile moja.

Kuna mwalimu atasema wamepoteza usiku. Mimi nasema yule kijana hatapoteza majibu ya cos 3θ tena maisha yake yote, na bila mimi kufungua mlango.

Sasa mwambieni rafiki yenu hivi: hammcheleweshi, mmekuwa mkimtumia vibaya. Mmemfanya mashine ya majibu, na mashine huchoka. Mkae naye kabla hajaamua, mpeni kazi ngumu zaidi, ya kuuliza bila kutaja. Kuuliza swali zuri kunataka uelewe mada kwa kina kuliko kusolvu. Yule mkali wangu siku ile aliulizwa na wenzake "kwa nini tuishie pembe tatu na siyo sita?", akaondoka nalo hadi kesho yake asubuhi, akanifuata ofisini. Swali lile hakulipata kwenye pasti pepa yoyote. Amelipata kwa wenzake wasiojua.

Mhandisi_Tegeta

Mwalimu, umenigusa. Binti, mimi ndiye niliyekuwa yule rafiki yenu. Nilisoma PCM bweni, nikaenda kusoma uhandisi wa ujenzi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sasa nahesabu nguzo na zege. Niwasemee wale wanaojua, kwa sababu mara nyingi hawaulizwi.

Uchovu wake siyo wa kufundisha. Kinachochosha ni kuwa kila usiku unatoa na hakuna anayekuletea. Mna mada zenu mnazokwama, naye ana zake, ila hana wa kumwambia kwa sababu ninyi mnaamini anajua vyote. Kwetu tulitenga siku moja ya wiki iwe yangu. Siku hiyo naleta swali lililonishinda mimi, nasimama ubaoni nikiwa nimekwama kweli, wao wanakaa. Mwanzoni walinyamaza kwa woga. Baadaye aliyenifungua macho kwenye milinganyo difarensha alikuwa mwenzetu wa mwisho darasani. Aliniuliza tu swali la kawaida: "Hii y na hii x huwezi kuzitenganisha kila moja upande wake?" Nilikuwa nimeng'ang'ania njia ndefu.

Jambo moja naongeza kwa mwalimu, siyo kumpinga. Asiingie mtu kundini na karatasi tupu. Kabla ya kukutana kila mmoja awe amekaa na swali peke yake na ameacha alama ya kalamu, hata kama ni mistari miwili isiyo sahihi. Vinginevyo chaki itashikwa na aliyekwama kwa sababu hajajaribu, na huyo atawachelewesha kweli. Mtihani wa Advansi una karatasi mbili, kila moja saa tatu, na mle ndani hakuna wa kukuuliza swali zuri. Lazima ujizoeze kujiuliza mwenyewe.

Na kuhusu swali lako, kuna upande wake wa pili. Chukua x³ − 3x − 18 = 0. Ukiweka x = 2cos θ unapata 2cos 3θ = 18, yaani cos 3θ = 9. Haipo! Usitupe kalamu. Maana yake ni kwamba mlinganyo una jibu halisi moja tu, na njia inahamia kwenye haipaboliki, ambako badala ya cos unatumia cosh u, yaani (eᵘ + e⁻ᵘ)/2, ambayo inaweza kuzidi 1: cosh 3u = 4cosh³u − 3cosh u, fomula ile ile. Weka x = 2cosh u, cosh 3u = 9, 3u = ln(9 + √80), tafuta u, rudi kwenye x. Utapata 3, na 27 − 9 − 18 ni sifuri. Nilipoiona mara ya kwanza ndipo nilipoelewa kwa nini tunasoma haipaboliki, kabla ya hapo niliona ni fomula za kukariri tu.

binti_kahama

Shikamoo tena mwalimu, na dada Mhandisi asante sana, nimekusoma mara kadhaa.

Nimechora duara. Nimeona. Kumbe nilikuwa natafuta majibu kwenye aljebra wakati yapo kwenye mchoro.

Nimejaribu x³ − 3x − 1 = 0 ambayo ipo kwenye desa letu bila kidokezo chochote. Nikaweka x = cos θ kama kawaida, nikapata cos³θ − 3cos θ = 1, na haifanani na 4cos³θ − 3cos θ. Nikakumbuka dada ameandika x = 2cos θ. Sikutaka kuinakili tu, nikajiuliza hiyo 2 imetoka wapi. Nikaandika x = k cos θ: k³cos³θ − 3k cos θ = 1. Ili ifanane na 4 kwa 3, lazima k³ gawanya kwa 3k iwe sawa na 4/3. Basi k² = 4, k = 2. Ikatoka 8cos³θ − 6cos θ = 1, ambayo ni mlinganyo ule ule wa mwanzo! Kwa hiyo pembe ni zile zile na majibu ni 2cos 20°, 2cos 100°, 2cos 140°: 1.879, −0.347 na −1.532. Jumla ni 0, na yakizidishwa yanakaribia 1 kama inavyotakiwa. Nimefurahi mpaka mama ameniuliza kuna nini.

Kuhusu kundi, nimempigia simu rafiki yetu, naye yuko kwao Geita. Nilimsomea maneno ya dada ya kuletewa na yeye. Alikaa kimya kidogo kisha akasema kuna maswali ya vekta yanamsumbua na aliona aibu kusema. Amekubali kubaki tujaribu utaratibu huu.

Nina hofu moja. Mmoja wetu haendi ubaoni hata umbembeleze. Darasa la tatu huko aliwahi kuchekwa ubaoni na hajasahau. Tukisema chaki ashike aliyekwama, yeye ataacha kuja kabisa. Tumlazimishe?

Mwalimu_Makambako

Marahaba binti yangu. Hiyo k uliyoitafuta mwenyewe ina thamani kuliko majibu matatu yote. Kwa mlinganyo wowote wa umbo x³ − px − q = 0, p ikiwa chanya, utaona k inatoka 2√(p/3). Usiikariri, itafute kila mara kama ulivyofanya, ni mistari miwili.

Huyo mwenzenu msimlazimishe, hata kwa mzaha. Ubao siyo lazima uwe ukutani. Kaeni mezani, karatasi katikati, yeye ashike kalamu akiwa amekaa, na mtu mmoja tu pembeni yake, yule anayemwamini zaidi. Wengine wafanye swali jingine upande wa pili ili asijione anatazamwa. Kalamu ikae mkononi mwake, hilo tu ndilo lisibadilike. Na wekeni sheria tangu siku ya kwanza Januari: hakuna kucheka hatua ya mtu, hata ikiwa 2 + 3 = 6. Anayecheka anatoka usiku huo. Nimeona vijana waliokaa kimya fomu faivu nzima wakaomba ubao wenyewe fomu siksi, lakini waliomba, hawakuvutwa.

Rafiki yenu wa vekta, mwambie alete swali moja tu, lile linalomsumbua zaidi, siyo mada nzima. Swali moja lina mlango, mada nzima ni ukuta.

Nakuachia la likizo: x³ − 6x − 4 = 0. Tafuta k, tafuta pembe zote, zungusha kwanza ndipo ugawanye. Jibu moja litatoka namba kamili, na hilo litakuonyesha kama uko sawa. Hayo mengine mawili usiyaache kwa desimali, yana umbo safi lenye kipeuo cha 3 ndani yake, na ukitaka kuyafikia itabidi uitafute cos 15° bila kalkuleta. Rafiki yako wa Geita mpe swali hili hili kwa simu, kila mtu alifanye kwake, msiambiane majibu mpaka wote mmeandika kitu. Mkikwama, andika hapa mmefika mstari gani.